Chesisi ya Pikapu ya Kale: Kubadili au Kutunza?

Chesisi ni fremu ya chuma inayobeba injini, kebini na sanduku la mizigo, na kwa hiyo anayemiliki pikapu ya kale hana uamuzi mzito kuliko huu: aitunze fremu iliyotoka kiwandani, au bodi ihamishiwe kwenye fremu ya gari la miaka ya karibuni. Nchini Marekani mjadala huo huizunguka sana Chevrolet 3100, iliyoingia sokoni mwaka 1947, kwa kuwa umbali kati ya ekseli zake mbili, sentimita 295 hivi, hauachani hata kwa sentimita tano na ule wa Chevrolet S-10 yenye sanduku refu.

Wanaotaka kubadili wana hoja. Pikapu hiyo ilibuniwa kabla ya sheria ya mwaka 1956 iliyotandaza barabara kuu za mwendo kasi nchini humo. Ekseli yake ya mbele ni chuma kimoja kizima, hivyo gurudumu moja likiingia shimoni na lenzake huyumba. Tena breki zake zote ni za dramu na hutegemea masta silinda yenye njia moja tu ya mafuta, kiasi kwamba bomba likipasuka popote, magurudumu yote manne hukosa breki kwa mpigo.

Hata hivyo, lawama nyingi inazotupiwa chesisi si zake. Usukani unaotangatanga aghalabu hutokana na kingpini zilizolika, yaani pini ambazo magurudumu ya mbele hugeukia, na fundi akiliinua gurudumu kwa jeki, akalishika juu na chini na kulitikisa, uchakavu huo hujidhihirisha papo hapo. Breki za diski na masta silinda ya njia mbili nazo hufungika bila kuikata fremu ya asili. Kuhamisha bodi, kinyume chake, hudai vishikizo vya kebini vikatwe na kuchomelewa upya, rejeta itafutiwe mahali na shafti ya usukani ielekezwe kwingine. Ni kazi ambayo wengi huianza kwa shangwe na kuitelekeza uani, na hata ikikamilika, zile sentimita chache huonekana pale gurudumu lisipokaa katikati ya madigadi.

Fremu iliyooza kwa kutu au kupinda katika ajali ibadilishwe bila kusita. Iliyo nyoofu ibaki, ifungwe breki bora, na mwenyewe akubali kuendesha polepole.