Mchuma wa zamani? Beba sumaku!

Mwenye mshiko akisikia kuna Datsun 240Z imelala chini ya mwembe, iwe Kibaha au Kisarawe, usingizi haumpati. Na si bure! Ndio mchuma uliochukua East African Safari mwaka 1971 ukiendeshwa na Edgar Herrmann, na 1973 na Shekhar Mehta.

Lakini bwana wee, usizuzuliwe na rangi. Nenda na sumaku, ifunge kitambaa isikwaruze, ipitishe chini ya milango na kuzunguka matairi ya nyuma. Isiponasa, pamejazwa puti, bati lilishaliwa zamani. Toa betri, tindikali yake hula bati la chini. Nyanyua kapeti, gonga sakafu kwa bisibisi. Ikizama, kazi unayo.

Kutu ya fenda isikutishe sana, fundi bodi anakata na kuchomelea bati jipya. Kimeo chenyewe ni ajali ya zamani. Gari hili halina chesisi ya peke yake kama lori, bodi ndiyo inabeba kila kitu. Tazama nafasi pembeni mwa milango: huku kidole kinapita, kule hata kucha haipiti? Liligongwa, likanyooshwa kienyeji. Ingia uvunguni utafute mikunjo na makovu ya kuchomelea. Muuzaji atasema "lilikwaruzwa tu". Mwache aseme. Bodi iliyopinda inakula matairi na kuvuta gari upande, na katikati ya malori ya Morogoro Road huna pa kukwepea. La hivyo mimi silitaki, hata kwa bei ya kutupa.