Vidonda vya Mdomoni Wakati wa Tiba ya Saratani: Hupimwa Vipi?

Dawa za tibakemikali hushambulia seli zinazozaana kwa kasi. Seli za saratani ni za aina hiyo, lakini hata zile za ngozi laini ya ndani ya mdomo. Ndiyo sababu mgonjwa huweza kuanza kuhisi mdomo ukiwaka takriban wiki moja baada ya kupewa dawa. Anayetibiwa kwa mionzi kichwani au shingoni huweza pia kupata vidonda na kukaukiwa mate.

Wapo wanaonyamaza kwa kuhofia kwamba wakisema, tiba itasimamishwa. Kunyamaza ndiko huleta hatari. Asiyeweza kumeza hupungua uzani, na vidonda hupitisha viini hadi kwenye damu wakati kinga ya mwili imeshuka. Hapo tiba yaweza kuahirishwa.

Mhudumu hukagua mdomo na kutumia viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO):

• 0: Hakuna tatizo.
• 1: Mdomo ni mwekundu na unauma.
• 2: Kuna vidonda, lakini mgonjwa bado anakula chakula kigumu kama ugali.
• 3: Kuna vidonda, na anaweza kumeza vitu vya majimaji pekee.
• 4: Hawezi kula wala kunywa.

Ukaguzi huo hautoshi. Kidonda kinachoonekana kidogo kinaweza kumnyima mtu usingizi. Kwa hivyo mgonjwa huulizwa maumivu yake ni mangapi kati ya 0 na 10, ambapo 0 ni kutoumwa kabisa. Huulizwa pia kuhusu ukavu wa mdomo, ladha, kumeza na kuzungumza.

Nyumbani, andika nambari hiyo kila siku kwenye daftari, pamoja na ulichoweza kula, kisha uende nalo kliniki. Nambari ikipanda kutoka 3 hadi 7, daktari ataona haja ya kubadilisha dawa ya maumivu mapema. Tumia mswaki laini, sukutua kwa maji yenye chumvi kidogo, na uepuke pilipili, pombe na sigara.

Usisubiri siku ya kliniki ukiwa na joto la mwili la nyuzi 38 au zaidi, ukitokwa na damu mdomoni isiyokoma, au ukishindwa kunywa maji. Nenda hospitalini mara moja na ueleze kwamba unatibiwa saratani.