Video Inapokwama na Kumeguka: Maelezo kwa Mtafiti wa Fasihi Simulizi

Makala haya yananuia kueleza tatizo linalowakumba wengi wetu turejeapo kutoka nyanjani. Video ya fanani inatazamika vyema katika dirisha dogo la tarakilishi ya nyumbani. Ikipanuliwa ijae kiwambo kizima, picha inakwama-kwama au inameguka vijisanduku. Aghalabu mtafiti huhukumu kwamba video imeharibika, akaifuta. Hukumu hiyo ni ya pupa. Baadhi ya mafanani tunaowarekodi ni wakongwe, na utendaji wao huenda usipatikane tena.

Kukwama na kumeguka ni dosari mbili tofauti, japo mara nyingine huandamana. Kumeguka kwa kawaida huzaliwa ndani ya faili yenyewe, ilhali kukwama huzaliwa katika mashine inayoichezesha.

Video haihifadhiwi nukta kwa nukta, maadamu ingejaza diski upesi, hubanwa. Katika mbinu ya MPEG-1 iliyotumiwa kwenye VCD, kila picha hugawanywa katika miraba ya nukta 8 kwa 8, kisha maelezo madogo-madogo ndani ya kila mraba hupunguzwa. Ubanaji ukizidi, mipaka ya miraba hujitokeza mithili ya vigae sakafuni. Dirisha dogo huificha aibu hii. Kiwambo kizima huianika. VCD ya mfumo wa PAL ina nukta 352 kwa 288, yaani takriban laki moja, ilhali kiwambo cha 1920 kwa 1080 kina zaidi ya milioni mbili. Kila nukta ya asili hutandazwa mahali pa nukta ishirini hivi. Hakuna programu itakayorejesha kwa uaminifu vidole vya mpiga nyatiti ambavyo ubanaji ulikwisha kuvifuta, na kwa anayechunguza utendaji, vidole hivyo ndivyo data. Dawa ni kuitafuta nakala ya kwanza iliyotoka kwenye kamera, si ile iliyokwisha kutumwa kwa simu mara tatu. Vijisanduku vikizuka ghafla na kutoweka, pengine sauti nayo ikikatika, yamkini faili haikunakiliwa kikamilifu au diski ina mikwaruzo. Inakiliwe upya.

Kukwama nako kuna hesabu yake. Video ya fremu 25 kwa sekunde huipa mashine sekunde 0.04 tu kufumbua kila fremu na kuionyesha. Ikichelewa, fremu hurukwa. Katika programu ya VLC, bonyeza Ctrl na J, kisha tazama ukurasa wa takwimu: idadi ya fremu zilizopotea ikipanda pindi unapojaza kiwambo, usiilaumu kanda.

Hamisha kwanza faili kutoka kwenye kidude cha USB hadi diski ya ndani, na ufunge programu nyingine. Tarakilishi iliyopata joto jingi hujipunguzia kasi, kwa hivyo usiiweke juu ya mto. (Kitandani ndiko tasnifu nyingi huandikiwa, najua.) Ikiwa dirisha dogo halina taabu ila kiwambo kizima tu, ichunguze programu-endeshi ya kadi ya michoro. Windows ikiitaja kadi kwa jina la Microsoft Basic Display Adapter, programu-endeshi halisi haijawekwa au haifanyi kazi, na kichakataji kikuu kinabebeshwa kazi isiyo yake. Hali hii hutokea hasa baada ya Windows kuwekwa upya. Ipakue kutoka kwa mtengenezaji wa tarakilishi.

Simu nyingi za sasa hurekodi kwa mbinu ya HEVC ya mwaka wa 2013, ambayo kadi za kale haziwezi kuifumbua. Hapo tengeneza nakala ya kutazamia, ya H.264 na nukta 1280 kwa 720. Faili ya asili ibaki kama ilivyo katika diski mbili tofauti, kwani kila ubanaji mpya hula sehemu nyingine ya picha.