Joto la Maji katika Mashine ya Kufulia: Dozi Inayohitaji Muda

Shuka iliyotoka wodi ya wazazi huweza kuonekana nyeupe na bado ikawa na vimelea. Kwa hiyo, popote zinapofuliwa nguo za wagonjwa, iwe Tarime au Serengeti mkoani Mara, haitoshi kuuliza iwapo nguo imetakata. Ni lazima kuuliza maji yalifikia joto gani, na kwa muda gani.

Mashine nyingi zenye mlango wa mbele hupokea maji ya baridi na kuyapasha zenyewe. Hita, ambayo ni kijiti cha chuma chenye waya wa umeme ndani, hulala chini ya pipa linalozunguka. Haiwashwi mpaka swichi ya shinikizo ionyeshe kwamba maji yameingia ya kutosha, kwani ikiwaka pakavu huungua. Kipimajoto hufuatilia maji. Joto lililochaguliwa likifikiwa, umeme wa hita hukatwa.

Kazi hiyo si ya mara moja. Kupasha lita 12 za maji kutoka nyuzi joto 20 hadi 60 za Selsiasi huhitaji takribani kilojuli 2,000. Hita ya wati 2,000 huikamilisha kwa dakika 17 hivi, bila kuhesabu joto linalomezwa na nguo na chuma. Mwendo huo wa taratibu una faida: protini za damu hugandishwa na maji ya moto, ilhali maji ya baridi huziondoa kwanza.

Joto, kama dawa, lina dozi. Utitiri wa upele huuawa kwa zaidi ya nyuzi 50 kwa dakika 10. Kwa nguo za hospitali, mwongozo wa Marekani hutaja angalau nyuzi 71 kwa dakika 25. Umeme ukikatika katikati na maji yakapoa, hesabu ya muda ianze upya.

Hatari kubwa zaidi hujificha. Maji ya visima yenye chumvichumvi nyingi huacha ukoko juu ya hita, na hatimaye hita huharibika. Baadhi ya mashine huendelea kuzungusha nguo kana kwamba hakuna tatizo. Kioo cha mlango kikibaki baridi katikati ya mzunguko wa nyuzi 60, fundi aitwe.

Pasipo mashine, sufuria hutimiza kazi hiyohiyo. Nguo yenye damu isuuzwe kwa maji baridi, mfuaji akiwa amevaa glavu, kisha ichemshwe. Katika miinuko ya Tarime, yapata mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, maji huchemka karibu na nyuzi 95. Joto hilo bado ni zaidi ya linalohitajika. Lililobaki ni kutoharakisha kuiepua sufuria.