Visikilizio vya Masikioni: Askari Achague Vipi?

Jioni moja, katika kantini ya askari, koplo mmoja alitoa mfukoni visikilizio vyake vya masikioni akaniuliza, "Mzee, hivi nimevinunua juzi tu, na Franco humu ndani analia kama yumo ndani ya debe. Kosa ni langu au ni la chombo?" Nilivitia masikioni, nikasikiliza nusu ya wimbo, nikamjibu kwamba kosa lilikuwa la wote wawili. Makala haya ndiyo jibu refu ambalo sikupata wasaa wa kumpa jioni ile.

Visikilizio, au hedifoni kama wengi wetu wavitavyo, si vigeni katika kazi ya askari. Kwa hakika vilifika jeshini kabla ya kumfikia mpenda muziki. Mwaka 1910 fundi mmoja wa Utah, Marekani, jina lake Nathaniel Baldwin, alivipeleka kwa Jeshi la Wanamaji la nchi yake ili vijaribiwe. Wakubwa walipoona kwamba vinasikika vizuri kuliko walivyokuwa navyo, wakamwagizia vingine, naye akawa akiviunda jikoni kwake. Kwa miaka mingi kazi ya vyombo hivyo ilikuwa kumsikilizisha mtu wa redio nukta na vistari. Ni mwaka 1958 ndipo John Koss wa Milwaukee alipotoa visikilizio vilivyokusudiwa muziki wa stereo, na mwaka 1979 kampuni ya Sony ya Japani ikatoa Walkman, mtu akaweza kutembea njiani na bendi nzima kichwani mwake.

Siri yake si kubwa. Ndani ya kila upande mna sumaku, koili ya waya mwembamba na kiwambo chepesi. Umeme wa muziki upitapo katika koili, koili husukumwa na kuvutwa na sumaku, kiwambo hutikisika pamoja nayo, na hewa iliyo mbele yake hutikisika vilevile mpaka sikioni. Hii ni spika ndogo, wala si zaidi. Lakini spika ya sebuleni hujaza chumba kizima, ilhali hii ina nafasi ndogo tu ya hewa kati yake na ngozi ya sikio lako. Kwa hiyo namna kifaa kinavyokaa sikioni ni nusu ya sauti yenyewe, na hapo ndipo koplo wetu alipokosea.

Visikilizio vyake vilikuwa vya kutumbukiza ndani ya tundu la sikio, vile vyenye vichwa vya mpira. Kiwandani huwekwa ndani ya kisanduku vichwa vya ukubwa wa namna mbili au tatu, na watu wengi huvitupa pamoja na kisanduku bila hata kuvijaribu. Kichwa kikiwa kidogo kuliko tundu, hewa huvuja pembeni, na sauti nzito ndiyo ya kwanza kupotea. Besi hufa, ngoma hugeuka kuwa mkwaruzo, na gitaa hulia ndani ya debe. Mwenye chombo hulaumu kiwanda, kisha huongeza sauti ili aitafute besi ambayo haipo, akiumiza masikio yake bure. Dawa yake ni kuvaa kichwa kikubwa zaidi, au pengine kikubwa upande mmoja na cha kati upande wa pili, maana masikio ya mtu mmoja hayalingani siku zote. Kikikaa sawasawa utasikia kelele za nje zimepungua ghafla, kama mtu aliyefunga mlango.

Wapo wasiopenda kutumbukiza kitu masikioni, nami ni mmoja wao. Hao hununua vile vya vikombe vinavyofunika sikio zima, navyo ni vya aina mbili. Vya kwanza vimefungwa kwa nyuma, hivyo muziki hautoki na kelele haziingii sana. Vya pili viko wazi kwa nyuma, na Sennheiser wa Ujerumani ndio waliofungua njia hiyo walipotoa HD 414 mwaka 1968. Vilivyo wazi hutoa sauti pana, yenye pumzi, kana kwamba bendi imekaa mbele yako na si katikati ya ubongo. Mimi huvipenda sana nikiwa nyumbani, lakini sithubutu kumshauri askari anayelala kwenye bweni la vitanda ishirini avinunue. Jirani yake aliyetoka zamu saa nane za usiku atasikia kila neno la mwimbaji, na asubuhi kesi itafika kwa sajini. Kwa maisha ya kambi, vilivyofungwa ndivyo vifaavyo.

Basi yafaa msomaji ajiulize kwanza atasikilizia wapi, kabla ya kuuliza jina la kampuni au bei. Anayesafiri mara kwa mara nyuma ya lori anahitaji kinachozuia kelele. Anayefanya mazoezi ya kukimbia anahitaji kilicho chepesi kisichoanguka. Koss Porta Pro, vilivyotolewa mwaka 1984, bado vinauzwa kwa sababu ni vyepesi na hukunjika mfukoni, ingawa haviwezi kabisa kuzuia kelele. Sony MDR-7506, vilivyotoka mwaka 1991 kwa ajili ya studio na watu wa redio, vimefungwa nyuma, vina waya uliojikunja kama wa simu ya zamani, na hadi leo mafundi wa sauti huvitundika shingoni. Navitaja hivi viwili ili msomaji aone kwamba chombo kizuri si lazima kiwe kimetoka kiwandani mwaka huu.

Kuhusu bei, wengi wetu tumedanganyika. Mwaka 2017 mtafiti Jeroen Breebaart alichapisha vipimo vya visikilizio 283, vya kutumbukizwa sikioni na vya vikombe pia, akaona kwamba bei ya chombo haikuhusiana na namna kinavyogawa sauti nzito, za kati na nyembamba. Hii haina maana kwamba kila cha rahisi ni kizuri, la hasha. Fedha ya ziada aghalabu hununua ngozi laini, waya imara, kisanduku cha kupendeza na jina. Sauti yenyewe hapana budi uisikilize kwa masikio yako.

Na maneno yaliyopigwa chapa kwenye kisanduku yasikubabaishe. Karibu kila kisanduku hujigamba kwamba kilichomo hutoa sauti kuanzia hezi 20 hadi 20,000. Huo ndio upeo wa sikio la kijana mwenye afya, na kwa mtu wa makamo sehemu ya juu imekwisha kupungua. Kutoa sauti hizo si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kuzitoa kwa uwiano, na hilo kisanduku hakilisemi.

Nenda dukani, basi, na wimbo unaoujua kama ujuavyo namba yako ya jeshi. Kwa maoni yangu hakuna mtihani bora kuliko rumba ya Kongo, na iwe nakala nzuri. Katika bendi kama TPOK Jazz ya Franco yapo magitaa kadhaa yanayosemezana. Liko la solo, liko la mi-solo linalojibu katikati, liko la ridhimu, na chini yao linatembea la besi. Visikilizio vibovu huyachanganya yote yakawa uji. Vizuri hukuwezesha kulifuata lile la mi-solo peke yake tangu mwanzo wa sebene hadi mwisho, kama unavyomfuata mtu mmoja kwa macho katika gwaride. Sikiliza pia kama besi ina noti zinazotofautiana, au ni mvumo mmoja tu wa "bumm". Sikiliza tarumbeta na saksafoni: je, zinang'aa au zinakuchoma? Afrigo Band ya Kampala, iliyoanzishwa mwaka 1975, ina nyimbo nyingi zifaazo kwa mtihani huu wa vyombo vya kupuliza. Mwishowe sikiliza sauti ya mwimbaji itamkapo "s". Ikipiga mluzi, chombo hicho kitakuchosha kabla ya saa moja.

Jihadhari na hila moja ya wauzaji. Sikio la binadamu hudhani kwamba chenye sauti kubwa kidogo ndicho bora. Muuzaji hodari hukupa cha kwanza kwa sauti ya chini, kisha kile anachotaka kukuuzia hukupa kwa sauti ya juu. Mwambie, kwa adabu, akuache uongoze sauti mwenyewe, nawe visawazishe kabla ya kuvilinganisha.

Mimi mwenyewe, pamoja na maarifa yangu yote haya, niliwahi kuibiwa. Nilinunua kwa mchuuzi wa njiani visikilizio vyenye jina kubwa, vizito mkononi kama vitu vya thamani. Baada ya majuma matatu upande mmoja ulinyamaza, nikavifungua kwa bisibisi, nikakuta ndani ya kila kikombe kipande cha chuma kilichobandikwa kwa gundi, kazi yake ikiwa ni kuongeza uzito tu. Mchuuzi alikwisha kuhama. Tangu siku hiyo sinunui bila kusikiliza, bila stakabadhi, wala bila kuuliza nani atanibadilishia kikiharibika.

Jambo jingine ni nguvu ya simu au redio yako. Visikilizio vina ukinzani wa umeme upimwao kwa omu. Vya omu 16 hadi 32 huchezwa vyema na simu ya kawaida. Vya studio huweza kufika omu 250 au 300, na simu huviendesha kwa kunong'ona. Beyerdynamic wa Ujerumani huuza DT 770 Pro katika omu 32, 80 na 250, vyote vikifanana kwa sura, kwa hiyo ukinunua vya rafiki bila kusoma namba unaweza kurudi nyumbani na kitu kisichokufaa mpaka ununue na kikuza sauti. Tazama plagi pia. Simu nyingi za siku hizi hazina tena tundu la milimita 3.5.

Ndiyo maana vile visivyo na waya vimeenea, navyo vina raha yake. Lakini vina betri, na betri huzeeka. Katika vile vidogo vya kutumbukiza sikioni betri kwa kawaida haibadiliki, kwa hiyo siku itakapochoka chombo chote kimekufa. Aliye kwenye kituo cha mpakani ambako umeme huja kwa saa chache afikiri mara mbili.

Kuna vingine vinavyofuta kelele kwa umeme. Maikrofoni ndogo husikiliza mngurumo wa nje, na chombo hutoa wimbi lililo kinyume chake ili mawili hayo yauane. Wazo hilo lilipewa hataza mwaka 1936 kwa jina la Mjerumani Paul Lueg, lakini ni Amar Bose aliyelifufua akiwa ndani ya ndege mwaka 1978, na mwaka 1989 kampuni yake ikaanza kuwauzia marubani. Huweza sana kuzima mngurumo wa injini au jenereta. Maneno ya mtu hayazimi vizuri, na mlio wa risasi hayawezi kabisa mawimbi hayo kuuwahi. Nalisema hili kwa mkazo kwa sababu nimemwona kijana amevaa visikilizio vya namna hii kwenye uwanja wa shabaha akidhani amejikinga. Hakujikinga. Mlio wa bunduki hupita desibeli 140, na kinga yake ni vifuniko au vizibo vilivyotengenezwa kwa kazi hiyo.

Masikio ya askari yana kazi mbili, nayo yanaumizwa pande zote mbili. Ndani ya kila sikio zipo chembe zenye vinyweleo, yapata 15,000, ambazo hugeuza mtikisiko kuwa habari ya ubongo. Zikifa hazioti tena. Shirika la Afya Duniani linasema mtu mzima anaweza kusikiliza kwa desibeli 80 kwa saa 40 kwa juma. Kwa desibeli 90 saa hizo huwa 4 tu. Tazama hesabu hiyo: kupandisha kidogo tu kumekula siku nzima nzima. Na anayesikiliza ndani ya lori kwa chombo kisichozuia kelele hupandisha, atake asitake, ili muziki uishinde injini. Aliyetoka shabaha na masikio yanavuma yuko hatarini zaidi, kwa kuwa usikivu wake umepungua kwa muda na ataongeza sauti bila kujua. Siku hiyo na ayapumzishe.

Kwenye lindo, doria au njia panda yenye magari sisemi neno, maana kila askari ajua. Hata upande mmoja ukiachwa wazi, ubongo unapoufuata wimbo hatua ya mtu kwenye majani makavu haisikiki.

Koplo wangu nilikutana naye tena baada ya mwezi. Alikuwa amebadilisha vichwa vya mpira, na nyimbo zake, ambazo mwenye duka alikuwa amezibana mno ili zienee nyingi katika kadi moja, amezitafutia nakala safi. "Mzee, besi imerudi," akaniambia. Ila upande wa kushoto sasa ulikuwa ukikatika, kwa sababu kila akimaliza alikuwa akiuzungusha waya kwenye simu kwa nguvu, na ukavunjika palipoungana na plagi. Nikamwonyesha namna ya kuukunja kwa duara pana bila kuuvuta. Juma lijalo nitampelekea plagi mpya na chuma changu cha kulehemu.