Fahamu: Vidonge vya mmea vinavyodaiwa kutibu sonona

Je, mmea unaweza kupunguza sonona? Hypericum perforatum, mmea wa maua ya njano unaotumika Ulaya tangu kale, umechunguzwa sana. Mwaka 2008, mapitio ya shirika la Cochrane ya tafiti 29 zenye wagonjwa 5,489 yalionyesha kuwa dondoo zake zilishinda vidonge visivyo na dawa, zikakaribiana na dawa za kawaida za sonona. Hata hivyo, tafiti za nchi zinazozungumza Kijerumani zilitoa matokeo mazuri kuliko za kwingine.

Hatari kubwa iko kwenye ini. Kiambata cha mmea huu, haiperforini, huchochea vimeng'enya vinavyovunja dawa nyingine mapema mno: vidonge vya uzazi wa mpango, dawa za kuzuia damu kuganda, na baadhi ya dawa za kufubaza VVU. Kwetu Afrika Mashariki, ambako wengi humeza dawa za VVU kila siku, hili si dogo hata kidogo. Ukiuchanganya mmea huu na dawa za sonona, kemikali iitwayo serotonini yaweza kuzidi mwilini, na hali hiyo huweza kuua.

Tafadhali, kabla ya kuanza kirutubisho chochote, mwonyeshe daktari au mfamasia kopo lake, na umtajie dawa zote unazomeza.