Kanuni za Michoro ya Kompyuta na Mlinzi Wake

Ndege za kwanza za aina ya A380, za kampuni ya Airbus, zilipokuwa zikiungwa huko Toulouse, Ufaransa, mafungu ya nyaya za umeme yaliyotengenezwa Hamburg, Ujerumani, yalipitishwa ndani ya kiwiliwili cha ndege yakaonekana mafupi, hayafiki mahali pa kuunganishwa. Nazo hazikuwa nyaya haba, maana ndege moja hubeba zaidi ya kilomita 500. Kadhia hiyo ilipochunguzwa ilidhihirika kwamba miongoni mwa sababu zake kuu ni hii: wachoraji wa Ujerumani na Hispania walikuwa wakitumia toleo la nne la programu ya kuchorea iitwayo CATIA, ilhali wenzao wa Ufaransa na Uingereza walikwisha kuhamia toleo la tano, na mchoro uliovuka kutoka upande mmoja kwenda wa pili ulipoteza baadhi ya habari zake njiani. Kazi ikachelewa; Julai 2006 mkuu wa Airbus, Gustav Humbert, alijiuzulu, na abiria wa kwanza hawakusafiri katika ndege hiyo mpaka Oktoba 2007.

Wachoraji hao hawakuwa wajinga wa kazi yao. Walichokosa ni mapatano, na mtu mwenye amri ya kuwashurutisha wote kuyafuata.

Tangu zama za wino, mchoro wa ufundi ulikuwa na sheria zake, na baadhi ya sheria hizo zina hekima ambayo haimdhihirikii mtu kwa kuitazama mara moja. Chukua unene wa mistari: kanuni za kimataifa za shirika la viwango, ISO, zimeupanga kwa milimita 0.18, 0.25, 0.35, 0.5, 0.7 na kuendelea, kila mmoja ukiuzidi uliotangulia kwa takriban mara 1.4. Pande za karatasi nazo zimepangwa kwa kiasi hicho hicho: A0 ina eneo la mita mraba moja, nayo ikikatwa katikati hutoa A1, na A1 hutoa A2, hata tufike kwenye A4 ya barua. Basi mchoro wa A1 ukipunguzwa ukachapwa kwenye A2, mstari wa 0.5 huwa 0.35, na wa 0.35 huwa 0.25, wala hauzuki unene usiokuwamo katika orodha. Waliobuni jambo hili wanastahili sifa kubwa kuliko walizopewa.

Kompyuta ilipoingia, na hasa baada ya programu ya AutoCAD kutolewa Desemba 1982, unene ulipotea machoni, kwa kuwa kiooni mistari yote ilionekana sawa, na watu wakaafikiana kuutambulisha kwa rangi. Ikawa nyekundu ya afisi hii ni kalamu nyembamba na nyekundu ya afisi jirani ni kalamu nene, na faili likihama, ukuta ulitoka mwembamba na mstari wa kipimo ukatoka mnene kuliko ukuta. Likazuka na suala la leya, yaani matabaka yanayolazwa moja juu ya jingine, kuta katika moja, milango katika jingine, mabomba katika la tatu, ili kila fundi aonyeshwe lake na la mwenziwe lifichwe. Chama cha wasanifu majengo cha Marekani, AIA, kilitoa mwongozo wa majina ya leya mwaka 1990, ambamo A-WALL ni kuta na A-DOOR ni milango. ISO nayo ikatoa kanuni yake, namba 13567, mwaka 1998.

Kuweka kanuni, basi, si kazi ngumu, maana nyingi zimekwisha kutungwa na yatosha kuchagua. Mashaka ni kuzidumisha. Huja mchoraji mpya na mazoea ya alikotoka. Hunakiliwa kipande kutoka faili la mhandisi wa nje, nacho huingia na leya zake na mitindo yake ya herufi. Hufika usiku wa kuamkia siku ya kukabidhi kazi, na mtu mwenye haraka huchora popote. Baada ya mwaka utakuta UKUTA, UKUTA1 na KUTA MPYA katika faili moja. Dhambi kubwa kupita zote, kwa maoni yangu, ni ya yule ambaye mstari wake una milimita 2950, naye kwa uvivu wa kuurekebisha akafuta tarakimu ya kompyuta na kuandika 3000 kwa mkono wake. Fundi atajenga kwa tarakimu, mwenye kutengeneza dirisha atapima mstari, na dirisha halitaingia.

Dawa yake haipatikani katika kitabu cha kurasa mia tatu ambacho hakuna akisomaye. Afadhali kijitabu cha kurasa kumi, pamoja na faili la kuanzia lenye leya, herufi na kisanduku cha jina vilivyo tayari, likiwekwa mahali ambapo wote hulichukua na hapana awezaye kulibadili ila mwenye dhamana. Kanuni ikibadilishwa, ianze na kazi mpya. Kuibadilisha katikati ya kazi ni kuzaa kanuni mbili. Programu yaweza kukagua majina na rangi, lakini haiwezi kumkemea mtu.

Kwa hiyo, enyi wakuu wa afisi za uchoraji, mteueni mtu mmoja awe mlinzi wa kanuni zenu, mpeni saa za kazi hiyo ndani ya juma, na mpeni idhini ya kuurudisha mchoro wowote wenye kasoro, hata uliochorwa na ninyi wenyewe.